Kumimina, kubeba, kuchora: mchezo wa mtoto anayeanza kutembea

Wiki chache zilizopita nilikwenda Rau, hapa Moshi, kumwona bibi anayemlea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi minane. Tulipomaliza kuamkiana akanionyesha mtoto, aliyekuwa amechuchumaa kando ya beseni chini ya mgomba, akichota maji kwa kikombe cha plastiki na kuyamimina katika sufuria ndogo. Sufuria ilipojaa aliipindua, akayatazama maji yakitafuta njia kwenye udongo, kisha akaanza upya. "Mwanangu," bibi akaniambia, "tangu asubuhi ni hilo hilo. Nimemnunulia gari na mpira pale Mbuyuni, hata havigusi. Hivi huyu mtoto yuko sawa?"

Mjukuu wake yuko sawa kabisa, nami nilimweleza hivyo. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa watoto, yaani kazi yangu ni kumsaidia mtoto aweze kukaa, kushika, kula, kuvaa na kucheza kadiri mwili wake unavyomruhusu. Swali la bibi huyu naulizwa mara nyingi, na wazazi wanaoniuliza huwa na wasiwasi wa kweli, kwa hiyo nimeona nilijibu hapa kwa urefu.

Tuanze na mkono wenyewe. Mtazame mtoto wa miezi 14 akimimina maji. Hushika kikombe kwa kiganja chote, na kwa kuwa kifundo cha mkono bado hakijazoea kugeuka peke yake, huinua kiwiko na bega hadi mwili mzima ukainama upande mmoja, na maji mengi huishia tumboni mwake. Miezi kadhaa baadaye mtoto yule yule huliacha bega likatulia na kukigeuza kifundo tu, na mkono wa pili, ambao awali ulikuwa unaning'inia bila kazi, huja kuishikilia sufuria isiyumbe. Mgawanyo huo, mkono mmoja ukitenda na mwingine ukishikilia, ndio atakaouhitaji kufungua kifuniko cha chupa, kumenya ndizi, kufunga kifungo cha shati na, baadaye sana, kuandika huku mkono mwingine ukilizuia daftari lisiteleze. Hakuna zoezi ninaloweza kumpa mtoto mezani kwangu litakalomfanya akigeuze kifundo chake mara nyingi kiasi hicho kwa asubuhi moja bila kulia. Beseni la maji linafanya hivyo bila mtu yeyote kumbembeleza.

Fikra nayo inafanya kazi wakati huo huo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi ambaye sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu miaka ya mwanzo ya utoto ilitokana na kuwachunguza watoto wake mwenyewe watatu, alieleza kwamba kati ya miezi 12 na 18 mtoto hurudia kitendo huku akikibadilisha kidogo ili aone kitakachotokea. Mabadiliko hayo ni madogo mno kwa macho ya mtu mzima mwenye shughuli zake, na ndiyo maana tunasema mtoto anafanya "hilo hilo". Niliketi na bibi kwenye kigoda tukamtazama mjukuu kwa muda wa dakika kumi hivi bila kusema neno. Mara ya kwanza alimimina kutoka juu, maji yakaruka. Mara ya pili kutoka chini, yakatulia. Kisha akamimina juu ya jani la mgomba lililoanguka, akaona maji yakijikusanya matone na kuteleza bila kulilowesha, akagusa jani kwa kidole, akamimina tena. Bibi ndiye aliyesema, "Kumbe anajaribu."

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kosa ninalolikuta katika nyumba nyingi ni la mapenzi mema. Mtu mzima humwona mtoto amezama katika mchezo, akahisi naye ashiriki, akaja na kitu kingine kizuri zaidi, au akaanza kuuliza: hii rangi gani, hivi ni vikombe vingapi, fanya hivi, siyo hivyo. Mtoto huinua kichwa, uzi hukatika, na dakika mbili baadaye tunasema hatulii na kitu. Tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilipozinduliwa Desemba 2021, maneno "ujifunzaji wa awali" yamefika hadi kliniki za vijijini, na hilo ni jema. Lakini wazazi wengi wakiyasikia hufikiria a, e, i, o, u ukutani. Kwa mtoto wa umri huu, ujifunzaji wa awali ni beseni lile pale chini ya mgomba.

Hiyo haina maana kwamba ukae kimya kama jiwe. Kaa karibu, chuchumaa ili uso wako uwe sawa na wake, subiri akutazame, na akikutazama useme kile ambacho yeye amekifanya. Lugha yetu inatusaidia mno hapa, kwa sababu kila kitu anachokigusa kinakuja na upatanisho wake: maji yamejaa, kikombe kimejaa, ndoo imejaa, sufuria zimejaa. Umemwaga, yamemwagika. Mtoto anayesikia sentensi hizo wakati kikombe kiko mkononi mwake anajifunza ngeli bila mtu kumtajia neno ngeli, tena anajifunza tofauti ya kumwaga na kumwagika kwa kuiona. Bibi yule alikuwa akimsemesha mjukuu Kichaga, akaniuliza kama aache. Nilimwambia asiache hata kidogo. Amsemeshe lugha ambayo maneno yake yanamtoka bila kuyatafuta, na Kiswahili atakipata kwa majirani na kwa mama yake.

Kutoka kwenye beseni twende uani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwa zimetawanyika katika siku nzima, na asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kiti au mgongoni mwa anayemlea. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mwongozo huo haupendekezi muda wowote wa kukaa mbele ya simu au televisheni, na kwa wa miaka miwili hauzidishi saa moja. Kina mama wakisikia habari ya mgongoni hushtuka, kwa sababu mbeleko ndiyo inayowawezesha kufanya kazi. Sisemi iachwe. Mtoto aliye mgongoni anasikia sauti yako, anahisi mwendo wako na hulala vizuri. Ninachoomba ni ashushwe kila baada ya muda, akanyage chini.

Saa tatu zinaonekana nyingi kwa anayezihesabu kama mazoezi, ilhali mtoto aliyeachiwa ua hata mdogo huzimaliza mwenyewe. Mpe kitu cha kubeba. Watoto wa umri huu hupenda kubeba vitu vikubwa kuliko tunavyodhani: kidumu cha lita moja chenye maji kidogo, kiazi kikuu kimoja kutoka mlangoni hadi jikoni, pumba ya kuku kwenye kopo. Kubeba mzigo huku anatembea kunamfundisha kuusawazisha mwili wake kuliko kukimbia mikono mitupu. Kwa wanaoishi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ardhi yenyewe ni mwalimu, kwa kuwa ina miinuko, ina mizizi ya kuvuka, ina majani makavu ya migomba yanayolia yakikanyagwa. Mwache apande kamwinuko kwa mikono na magoti, na ashuke kwa makalio. Usimshike mkono kila hatua. Kaa mahali ambapo ukinyoosha mkono unamfikia.

Wengine mnaishi nyumba za kupanga, Pasua au Majengo, ambako ua ni sakafu ya saruji yenye bomba la pamoja na kamba za nguo. Mchezo wa maji unafanyika hapo hapo, asubuhi kabla majirani hawajaanza kufua, na udongo unaweza kuwekwa katika beseni pana. Mkikutana watoto wawili wa miaka miwili, msitarajie wacheze pamoja. Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hucheza bega kwa bega, kila mmoja na lake, muda mrefu kabla ya kuweza kushirikiana. Kwa hiyo wape vikombe viwili vinavyofanana. Mtoto wa umri huo kumnyang'anya mwenzake si ukorofi, na kikombe cha pili kinamaliza ugomvi haraka kuliko mahubiri.

Hofu ya uchafu ninaielewa na siipuuzi. Udongo wenye kinyesi cha watu hubeba mayai ya minyoo, na minyoo ya safura huweza kupenya kwenye ngozi ya miguu. Kwa hiyo mtoto apekue pale ambapo watu wa nyumba wote hutumia choo na mifugo haizururi. Kama huna uhakika na mahali, avae viatu. Kucha ziwe fupi. Mkimaliza, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na hapa ninapendekeza kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti ili maji yatiririke, kwa sababu mtoto mwenye miaka miwili na nusu anaweza kukanyaga kijiti chake mwenyewe, na hatahitaji kuitwa mara mbili. Dawa ya minyoo hutolewa kwa watoto kuanzia mwaka mmoja, pamoja na matone ya vitamini A, katika mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba, msiukose.

Yako mambo ambayo sina upole nayo. Maji ya kuchezea yasizidi kina cha vidole vinne, mtu mzima asiondoke hata kama simu inaita, na mchezo ukiisha yamwagwe mara moja, kwa kuwa kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukikilinganisha na mwili wake, na akitumbukia kifudifudi kwenye ndoo hawezi kujiinua. Zungukeni ua kabla ya kumtoa. Mnyaa unaopandwa kuwa uzio una utomvu mweupe unaounguza macho. Mbegu za mnyonyo zenye madoadoa huvutia kama shanga, nazo ni sumu kali. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda ni hatari kubwa kuliko udongo wote tunaouogopa.

Na kuna punje. Mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka miwili na nusu, alijisukumia haragwe puani wakati nikichambua maharage kando yake. Nilidhani atalipiga chafya, nikasubiri hadi asubuhi. Haragwe hunywa unyevu na kuvimba, na asubuhi hiyo kulitoa kulimwumiza kuliko ambavyo kungemwumiza jioni. Tangu siku ile ninawaambia wazazi wote: kitu chochote kinachopita kwenye kile kimrija cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha kisiwe mchezo wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kikishaingia puani au sikioni, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kuchora ninakupenda pengine kuliko yote niliyoyataja. Mpe brashi kuukuu ya kupaka chokaa na kopo la maji, mwelekeze kwenye ukuta wa saruji unaopigwa na jua. Atapaka, ukuta utakuwa mweusi, kisha alama itaanza kufifia kutoka pembeni mpaka ipotee. Nimewaona watoto wakienda kuitafuta nyuma ya nyumba. Kwa sakafu, kipande cha mkaa kinatosha. Kwa rangi, chemsha bitiruti au choya, au koroga binzari ya manjano na uji mwepesi wa unga wa ngano. Akiilamba haitamdhuru, ila nguo zitabaki na madoa, basi mvue. Brashi nzuri ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Mtoto atakishika kwa ngumi na kuchora kwa bega zima, na ndivyo inavyopaswa kuwa; msimpange vidole vitatu kama mwanafunzi, wakati huo utafika wenyewe. Wala msimwulize amechora nini. Hajachora kitu, ameona kwamba mkono wake unaacha alama, na kwake hiyo ni habari kubwa.

Masika yakianza Machi, au Julai baridi inapozidi, haya yote yanahamia ndani. Hapo kaeni na gunzi. Lifungeni kitambaa liwe mdoli, libaki na nywele zake kama ni hindi bichi, na mtoto mwenye mwaka mmoja na nusu atakuletea kipande cha khanga akigeuza mgongo ili umfungie mdoli wake kama anavyofungwa yeye. Mfungie, mwache azunguke nyumba, na mkipishana mlangoni msalimie mtoto wake. Ombeni dukani boksi kubwa la sabuni; ataingia, atatoka, atajifungia, ataingiza vikombe na kuvitoa kwa siku nyingi. Likilegea na kuchoka, lichaneni pamoja. Ashike upande mmoja, wewe ushike mwingine, kisha mpe kipande kidogo achane peke yake, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukishikilia.