Je, wajua? Kwa nini chuma cha moto hakitakati kwenye mvuke wa kuondoa grisi

Aliyewahi kuosha sufuria ya pilau anajua kwamba mafuta huyakimbia maji ya moto. Ndiyo maana niliposoma mara ya kwanza kuhusu viwanda vinavyoondoa grisi kwenye vyuma kwa mvuke wa trikloroethilini, kemikali ya kuyeyushia grisi, nilijipa jibu haraka: mvuke ni moto, grisi inalainika, inadondoka. Nikaenda mbali zaidi, nikadhani chuma kikipashwa moto kwanza kazi itakwisha mapema. Kumbe ni kinyume kabisa. Chuma kikishafikia joto la mvuke, usafishaji unakoma.

Kosa langu lilikuwa kuupa mvuke sifa isiyo yake. Kinachoyeyusha grisi ni kimiminika, na ndani ya tangi la kusafishia kimiminika hutokea juu ya chuma pale tu mvuke unapogusa kitu baridi. Toa chupa ya soda kwenye friji mchana wa Dar es Salaam: inatoka jasho. Maji yale hayakuvuja kutoka ndani, ni mvuke wa hewani uliogusa kioo baridi ukageuka matone. Iache mezani ipate joto, jasho linakatika. Chuma ndani ya tangi ni chupa hiyo hiyo, ila jasho lake ni trikloroethilini, nalo huchuruzika na grisi.

Trikloroethilini huchemshwa chini ya tangi, kwenye nyuzi 87 za Selsiasi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa kama mara nne na nusu, kwa hiyo hutulia tangini kama ukungu bondeni, na mabomba ya maji baridi karibu na ukingo huurudisha chini ule unaotaka kutoroka.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: grisi haichemki kwa joto hilo. Inabaki chini, na mvuke unapanda safi. Ni sawa na kusuuza shati kwa maji mapya kila mara, ilhali beseni ni lile lile na maji yake yamekwisha kuwa meusi. Chuma kikishapata moto hutoka kikavu, hakihitaji hata kitambaa.

Si kila uchafu unaotii, lakini. Kutu haitoki, wala chumvi ya jasho la mikono. Bati jembamba nalo hupata moto upesi mno, grisi ikiwa bado ipo, hivyo hutolewa likapoe kisha lirudishwe.

Na trikloroethilini si ya kuchezea. Zamani madaktari waliitumia kama dawa ya usingizi, yaani nusukaputi. Leo imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani, na Desemba 2024 Marekani ilitangaza kanuni ya kuipiga marufuku, ingawa baadhi ya matumizi yalipewa muda. Tangini, ule uzito unaouzuia mvuke usitoke ndio unaoulaza sakafuni, pale pale anapoinama mtu aliyeingia kukwangua masalia ya grisi.