Pango la Amboni halitokei Mombasa, naomba tuelewane

Jumamosi nimeulizwa tena. Mama mmoja, mtu mzima, amekuja na wenzake kwenye Kosta kutoka Dar, tumeingia pango la Amboni hapa Tanga, hata dakika kumi hazijafika ananivuta shati: "Mwanangu, ile njia ya Mombasa ndio hii?" Nikamwambia mama yangu, anayetaka Mombasa magari yapo stendi ya Kange, yanapita Horohoro mpakani. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka, maana babu yake alimwambia pango hili linatokea Mombasa, na babu hawezi kusema uongo. Ndio maana leo naandika, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kazi yangu ni kuongoza watalii Tanga (wazungu wana neno fupi kwa kazi hii, "guide", lakini ukiliandika kwa spelingi ya Kiswahili polisi watakuja kunichukua). Kwa hiyo hii hadithi naijua ndani nje. Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, wakapotea, mbwa akaja kuonekana Mombasa. Au Moshi, inategemea unasimuliwa na nani. Mara ni mtu na mkewe, mara ni askari wa vita ya kwanza, mara mbwa alitoka mzima mara alitoka maiti. Mbwa gani huyo anabadilika kila msimuliaji? Na tusidanganyane, wanaoieneza ni sisi wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza mimi nilikuwa naisimulia vizuri mno, nazima tochi, nanyamaza kidogo, halafu nabweka kwa mbali. Bakshishi ilikuwa inatoka. Kwa hiyo hasira zangu nyingine nazielekeza kwangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mawe. Amboni ni chokaa, na pango la chokaa linachimbwa na maji, mvua inashuka kwenye udongo inabeba tindikali kidogo, inapenya kwenye nyufa inakula jiwe taratibu mpaka panakuwa na chumba. Hakuna mzimu aliyechimba wala Mjerumani. Ina maana pango linaishia pale chokaa inapoishia, basi. Na chokaa yetu hii ya zamani ni mkanda tu wa pwani, ndio hiyohiyo kiwanda cha saruji pale Pongwe kinaitafuna kila siku. Ukielekea bara unafika Usambara, na Usambara ni mwamba mwingine kabisa, mgumu, ule wa kung'aa wenye mistari, maji yakae hapo milele hayatoboi handaki la kwenda Moshi. Ukishauvuka huo bado hujafika Kilimanjaro ambayo nayo ni volkano, ni lava ile. Kutoka hapa mpaka Moshi kwa mstari wa kwenye ramani ni zaidi ya kilomita 250, yaani mbwa apite chokaa, mwamba, na lava, kwa miguu, gizani, bila chakula.

Mombasa ndio inanisumbua zaidi kwa sababu kidogo inaingia akilini, ni pwani kwa pwani na kule kuna mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa. Ila hebu fikiria maji. Pango tunalotembea limekauka kwa sababu liko juu ya mto, Mkulumuzi unaupita pale chini unauona. Handaki la kwenda Mombasa lingepita chini ya mto Umba, chini ya vijito vyote vya njiani, na mwisho Mombasa yenyewe ni kisiwa, kwa hiyo lazima lizame chini ya bahari ndio liibuke Kisiwani. Litakuwa limejaa maji hilo, mbwa angehitaji mtungi wa oksijeni. Mwaka 1994 walikuja wapimaji, Wajerumani na Waturuki, wakapima, wakasema haya si pango moja, ni mapango kumi yaliyoachana, na refu kuliko yote lina mita 900. Mia tisa! Mpaka Mombasa ni kama kilomita 130 ukinyoosha rula, ungeunganisha pango hilo zaidi ya mara 140.

Hapo sasa niwe mkweli, kuna ufa mmoja mwembamba huko ndani, mtu hapiti, na siku nyingine ukiweka mkono unahisi upepo wa baridi unatoka. Unatoka wapi sijui. Huenda kuna tundu juu kichakani, huenda kuna chumba kingine hakijaingiwa na mtu, na matope yameziba njia nyingi. Kwa hiyo akija mtu kesho akaniambia lile la mita 900 limefika 1,200 sitabisha. Nitabisha Mombasa.

Na lingine, wenzangu mnaowaambia watu "pango hili lina miaka milioni 150". Jiwe ndio la enzi hizo, za Jurasiki, lilikuwa tope la chini ya bahari. Pango limekuja baadaye sana. Nyumba ya matofali ya jana iliyojengwa kwa udongo wa enzi za Nuhu utasema ni nyumba ya Nuhu? Mimi akiniuliza mtu umri wa pango lenyewe namwambia mbele ya watu kwamba sijui, na hakuna aliyewahi kunirudishia tiketi kwa hilo.

Kinachoniuma ni kwamba watu wakishashika habari ya mbwa hawasikii kingine. Nawaonyesha sehemu ya Mabavu, panapoletwa sadaka na maombi, watu wanakuja kuomba watoto mpaka leo, wao wanauliza mbwa. Nawaeleza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliokuwa wanajificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni, wengine wanawaita majambazi wengine wanawaita wapigania haki, inategemea babu yako alikuwa upande gani wa shamba la mkonge. Hiyo ni stori ya watu kweli, wenye majina, lakini wapi, mbwa.

Halafu Tanga si Amboni peke yake. Tongoni, kusini kidogo njia ya Pangani, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojazana kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani hii, unaweza kukaa saa nzima ukawa peke yako na mbuzi. Kisiwa cha Toten unakiona hapohapo ukiwa bandarini. Jumba la Urithi, makumbusho yetu, lipo mjini katikati, picha za zamani nzuri sana. Maji moto ya Galanos yananuka yai viza, ndio salfa hiyo, usikunje uso mbele ya wenyeji. Na baharini tuna yule silakanti, samaki ambaye wataalamu walidhani kaisha zamani za dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938, hapa wavuvi wakaanza kumtoa kwenye nyavu miaka ya 2000 na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki huyo ni kweli kuliko mbwa na hakuna anayeniuliza.

Kwa wanaokuja: Amboni ni kama kilomita 8 kutoka mjini, barabara hiyohiyo ya Horohoro, unakata Kiomoni. Boda inafika mlangoni. Vaa viatu vinavyoshika, chini panateleza, mama mwenye ndala za kuchomeka nimeshambeba mgongoni mara moja sirudii. Tochi ya simu haitoshi. Kuna mahali utapita kwa kuinama na kuna mahali utatambaa kidogo, mwenye kitambi aniambie mapema tuzunguke. Popo usiwamulike. Sadaka za Mabavu usiziguse, hata kama hela umeiona.