Hakukuwa na ukuta: yanayosemwa vibaya kuhusu Bell X-1

Tarehe 14 Oktoba 1947, juu ya jangwa la Mojave huko California, rubani Chuck Yeager aliifikisha ndege ya roketi Bell X-1 kwenye Mach 1.06, kasi inayoizidi kidogo ile ya sauti. Kisa hicho kimetiwa chumvi mpaka utamu wake wenyewe umepotea.

Dhana: angani kulikuwa na ukuta, ule uitwao ukuta wa sauti, ambao hakuna kitu kilichowahi kuupita.
Risasi zilikuwa zikiishinda sauti muda mrefu kabla ya hapo, na roketi ya Kijerumani V-2 ilishafanya hivyo mwaka 1942. Wahandisi wa kampuni ya Bell, iliyoitengeneza X-1, waliiga umbo la risasi ya bunduki nzito ya rasharasha kwa sababu walijua huruka bila kuyumba. Tatizo ni hewa: ndege ikikaribia kasi ya sauti, hewa haiwahi kuipisha. Hubanana na kujenga mawimbi makali ya mgandamizo juu ya mabawa na mkia.

Dhana: kilichotakiwa ni nguvu ya injini tu.
Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Injini ilikuwa na vyumba vinne vya kuchomea spiriti kwa oksijeni ya kimiminika, na rubani aliviwasha kimoja kimoja kwa kadiri ya msukumo alioutaka. Nguvu ilikuwepo. Lakini siku chache kabla, karibu na Mach 0.94, Yeager alivuta usukani na pua ya ndege haikuitika. Wimbi la mgandamizo lilikuwa limetua pale pale kwenye bawaba za kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, kikawa hakina kazi. Ndege isiyomtii rubani, uipe nguvu ya nini?

Jibu lilitoka kwa mhandisi Jack Ridley. Bawa dogo la mkia wa X-1 liliweza kugeuzwa lote zima wakati ndege inaruka, si kile kibao peke yake. Ridley alishauri litumike hilo, kwa kuligeuza kidogo kidogo. Likafanya kazi. Kwangu mimi, huo ndio ushindi mkubwa wa X-1, na mkia unaogeuka mzima ukaja kuwa jambo la kawaida kwenye ndege za kivita za kasi hiyo.

Dhana: mabawa yake yalilazwa nyuma, na ilipaa kutoka ardhini.
Mabawa yalinyooka, ila yalikuwa membamba sana. Nayo ilibebwa tumboni mwa ndege kubwa ya mabomu, B-29, na kuachiliwa angani ili isimalize mafuta yake njiani. Ilipaa yenyewe kutoka ardhini mara moja tu, tarehe 5 Januari 1949.

Dhana: milipuko iliyoziteketeza ndege hizi ilisababishwa na kasi.
X-1 ya tatu, matoleo ya baadaye X-1A na X-1D, na ndege ya pili ya aina nyingine ya Bell, X-2, zote zililipuka kabla hata ya kuachiliwa na ndege mama au zikiwa ardhini. Ile ya X-2, mwaka 1953, iliua watu wawili. Uchunguzi uliishia kwenye gasketi za ngozi, yaani vipande vya kuzibia maungio: dawa iliyopakwa ngozi hiyo, ikikutana na oksijeni ya kimiminika, ililipuka kwa kugongwa kidogo tu.