Kabla kibarua cha kocha hakijaota nyasi, mtazameni kipa

Jay Woodcroft, kocha wa Edmonton Oilers, timu ya hoki ya barafuni ya Kanada, alitimuliwa tarehe 12 Novemba 2023. Timu ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda 3 tu. Akaja Kris Knoblauch, akashinda 46 kati ya 69 zilizobaki, na Juni 2024 Oilers wakafika mechi ya 7, ile ya mwisho na ya kuamua, ya fainali ya Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe la ubingwa, wakalala mbele ya Florida Panthers.

Lipeleke jambo hili kwenye kijiwe chochote hapa Dodoma, hukumu itatoka kahawa haijapoa: kocha ndiye alikuwa mzigo. Mimi nabisha. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Nasema matokeo yale peke yake hayathibitishi kitu, na anayetaka kujua kama kocha wa hoki aondoke au abaki aanzie golini.

Wageni wa mchezo kwanza. Hoki ya barafuni (barafu ya kuteleza, si ile ya ubuyu ya kwenye kifuko) huchezwa na watu 6 kila upande, kipa akiwemo, kwenye uwanja wa takriban mita 61 kwa 26. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6. Vipindi ni 3 vya dakika 20. Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, na kila safu hukaa ndani sekunde 40 hadi 50 kisha inatoka kupumua. NHL, ligi kuu ya Kanada na Marekani, ina timu 32, kila moja ikicheza mechi zaidi ya 80 kati ya Oktoba na Aprili. Nyingi huanza saa 9 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo wengi wetu tunakutana na matokeo tu asubuhi. Na matokeo ndiyo yanayodanganya.

Fanya hesabu. Timu hupigiwa mashuti kama 30 kwa mechi. Kipa wa kawaida wa NHL siku hizi anaokoa takriban 90 katika kila 100, kwa hiyo anafungwa 3 kwa mechi. Mweke anayeokoa 87, atafungwa 3.9. Mabeki ni walewale, mazoezi ni yaleyale, kocha ni yuleyule, lakini umeongeza karibu goli zima kila mechi katika mchezo ambao matokeo ya 3–2 ni ya kila siku.

Halafu kuna bahati. Katika mechi 20 kipa huyo wa asilimia 90 atapigiwa mashuti 600 na kutegemewa kufungwa 60. Kisahani kikigonga skeiti (kiatu cha kutelezea) ya beki wake na kubadili njia, si kosa la mtu. Bahati ya namna hiyo peke yake inaweza kusogeza zile 60 kwa magoli 7 hivi, juu au chini, bila uwezo wake kubadilika hata chembe. (Mpenda hesabu achukue kipeuo cha pili cha 600 × 0.9 × 0.1.)

Ndiyo maana wachambuzi wa hoki wana namba moja ya haraka wanayoiita PDO. Unachukua asilimia ya mashuti yetu yaliyoingia, unajumlisha asilimia ya mashuti ambayo kipa wetu aliokoa. Ukichukua ligi nzima jibu ni 100, maana goli langu ni kufungwa kwako. Timu yenye 97 baada ya mechi 20 aghalabu itapanda yenyewe, na yenye 103 itashuka. Sasa ona mtego: kocha anatimuliwa namba ikiwa shimoni, mrithi anaikuta inapanda, sifa zote zinakwenda kwake. Mchumi Bas ter Weel aliuchunguza mtego huu kwenye soka ya Uholanzi, misimu ya 1986 hadi 2004, akaona kuwa kutimua kocha hakukuinua matokeo. Timu hurudi kwenye kiwango chake, kocha awe mpya au wa zamani.

Nirudi Edmonton. Siku chache kabla ya Woodcroft kuondolewa, klabu ilikuwa imeshamshusha kipa Jack Campbell kwenye ligi ya chini. Kipa alikuwa anavuja, na uongozi ulilijua hilo. Kwa hiyo Knoblauch hakurithi tatizo lilelile alilokuwa nalo mwenzake mwezi wa kumi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni St. Louis Blues, kwa sababu tarehe zake zinasema zenyewe. Kocha Mike Yeo aliondolewa Novemba 2018, nafasi ikashikwa na Craig Berube. Tarehe 3 Januari 2019, wiki sita baadaye, timu ilikuwa ya mwisho kwenye ligi nzima. Kocha mpya yupo, mkiani wapo. Siku nne baadaye kijana Jordan Binnington alianza golini kwa mara ya kwanza, wakaifunga Philadelphia 3–0. Alimaliza msimu wa kawaida akiwa ameshinda 24 na kupoteza 5 ndani ya dakika 60 za kawaida, akiokoa asilimia 92.7. Juni wakabeba kombe. Berube alistahili heshima yake, lakini ukiniuliza Blues walibadilisha nini, kocha nitamtaja wa pili.

Je, kocha hana kosa kamwe? Analo, na kuna mambo yaliyo mikononi mwake kabisa.

Kubwa ni mchezo wa mmoja zaidi, pale mpinzani anapotolewa nje kwa dakika 2. Timu hupata nafasi hizo kama 3 kwa mechi, na wastani wa kufunga ni kama 20 katika 100. Katika mechi 20 hizo ni nafasi 60, magoli 12. Ukipata 8 tu, tazama namna: je, wanashindwa hata kuingia na kisahani eneo la adui, au wanaingia, wanajipanga, wanapiga, na kipa wa wenzao anaokoa? La kwanza ni la benchi la ufundi. La pili ni subira.

Kipindi cha pili nacho kinafichua mengi. Timu hubadilishana pande za uwanja, kwa hiyo benchi lako linakuwa mbali na eneo unalolinda. Safu iliyochoka inakwama ndani, sekunde 45 zinakuwa 80, miguu inakufa, goli linaingia. Kila timu hupatwa na hili. Timu inayopatwa nalo mechi baada ya mechi ina kocha ambaye hajawafundisha kusukuma kisahani mbali kwanza ndipo watoke. Vilevile mwenyeji ndiye mwenye haki ya kubadilisha wa mwisho mchezo uliposimama. Kocha anayecheza nyumbani na bado safu yake dhaifu inakutana na nyota wa wageni kila mara, huyo hana utetezi.

Mambo hayo yakiwa mabovu kwa mechi 20 hadi 25, na idadi ya mashuti tunayopiga ikizidi kupungua mbele ya tunayopigiwa, mwondoeni hata kama mmeshinda 3 mfululizo.

Kwa nini basi wanatimuliwa mapema hivyo? Fedha. Msimu wa 2024/25 ukomo wa mishahara ya wachezaji ulikuwa dola milioni 88 kwa timu, na mshahara wa kocha haumo ndani yake. Kumhamisha mchezaji mwenye mkataba mnono ni kazi ya miezi. Kocha anaondoka leo mchana, klabu ikibaki na deni la mkataba wake. Ni uamuzi rahisi kuliko yote, si lazima uwe sahihi. Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 msimu wa 2018/19, kisha wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano na Columbus kwa kupoteza mechi zote 4. Kocha wao Jon Cooper akabakishwa. Akaleta kombe 2020, akalitwaa tena 2021.

Kwa wanaokwenda uwanja wa Jamhuri kuiangalia timu ya soka ya Dodoma Jiji na kupiga kelele kocha aondoke: chukueni daftari la kawaida. Kila shuti lililolenga goli, andika limepigwa kutoka ndani au nje ya boksi, na kama kipa aliokoa. Fanya hivyo kwa pande zote mbili. Ligi yetu ina mechi 30 tu na mashuti ni machache kuliko ya hoki, kwa hiyo mechi 5 hazikwambii lolote. Anza kusoma daftari baada ya mechi 12, na ukianza, anza na ukurasa wa kipa.