Mahubiri makali hayapangi bajeti

Wiki hii tena nimeulizwa na mwanafunzi, tena mzuri kabisa darasani, "mwalimu, sisi tunasomea uchungaji, mambo ya miswada yanatuhusu nini, si ukisimama na neno serikali itasikia yenyewe?" Nafundisha hili somo la viongozi wa dini kushiriki kwenye sera na sheria, kwa watu wa seminari na vyuo vya Kiislamu na hilo swali nimelisikia mpaka naliota, sasa leo wacha nilimalize.

DHANA: Ukiwa na mwito na sauti, sera zitafuata zenyewe

Hapana jamani. Hii ndo inaniudhi kuliko zote maana inavaa joho la imani wakati ni uvivu wa kusoma tu. Na kila anayeniambia hivi mfano wake ni Martin Luther King, yule mchungaji mweusi aliyepigania haki za weusi, eti alihubiri Marekani ikabadilika. Haya, twende Montgomery, mji wa jimbo la Alabama. Abiria weusi walianza kugomea mabasi yaliyowabagua Desemba 1955, King ana miaka 26, udaktari wa theolojia kaupata mwaka huohuo, na hotuba zake ndo watu wanazikumbuka. Wasichokumbuka ni kwamba Mei 1954, mwaka mmoja na nusu kabla, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikuwa ameshamwandikia meya barua kwa niaba ya kikundi cha wanawake, kaeleza abiria weusi wanavyotendewa na nini kirekebishwe. Rosa Parks, mwanamke mweusi, alipokamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, ni huyohuyo Robinson aliyekesha akichapa vipeperushi maelfu kwa maelfu. Halafu madai yenyewe hayakuwa "tunataka haki" yakaishia hapo, yalikuwa matatu: madereva wawe na adabu kwa abiria weusi, watu wakae kwa kuwahi, na madereva weusi waajiriwe kwenye njia zenye abiria weusi wengi. Yaani mtu wa kampuni ya mabasi anaweza kujibu ndiyo au hapana kwa kila moja. Kisha watu wakatembea kwa miguu na kupeana lifti siku 381, mawakili wakafungua kesi Februari 1956, na mwisho wa siku ni mahakama ndo iliyovunja ule ubaguzi. Sasa toa barua, toa lifti, toa mawakili, baki na hotuba peke yake uone.

Ndo maana kwangu mtu haandiki tamko kabla hajaniambia nani ana mamlaka ya kuamua, anaamua lini, na unataka afanye nini, kwa sentensi moja. Matamko mengi yanafia hapo. Wanaleta "tunaiomba serikali iangalie hali ya wananchi". Sawa, itaangalia, halafu? Na hiyo "lini" ndo ugonjwa mkubwa, muswada uko kwenye kamati ya bunge, maoni yanapokelewa, wao kimya, ukishapita usomaji wa tatu, yaani hatua ya mwisho bungeni, ndo wanaita waandishi wa habari. Nenda kwenye kamati, na uende na kurasa mbili zenye namba ya kifungu na maneno unayotaka yabadilishwe, sio aya kumi na mbili za maandiko (weka moja, mwanzoni, wajue umetokea wapi, inatosha). Bajeti hivyohivyo, usiishie kwenye pesa zilizotengwa, tafuta zilizotoka kweli, hapo ndo kuna mahubiri.

DHANA: Dini na dola vimetenganishwa, kwa hiyo tunyamaze

Ule "ukuta wa utengano" kati ya dini na dola ni maneno ya Thomas Jefferson, rais wa Marekani wakati huo, kwenye barua ya 1802, wala hayamo kwenye katiba ya Marekani. Na barua yenyewe alikuwa anawajibu Wabaptisti (Wakristo wa dhehebu la Baptisti) wa mji wa Danbury waliolalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu unachukuliwa kama hisani ya watawala. Yaani watu wa dini ndo walioandika kwanza! Wangenyamaza hata hiyo barua isingekuwepo.

DHANA: Kujihusisha na sera ni kugombea

Sio. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 285, inawakataza makleri (maaskofu, mapadri na mashemasi) kushika vyeo vyenye mamlaka ya kiserikali, na hata kabla yake padri Robert Drinan aliyekuwa mbunge Marekani aliamriwa na Papa asigombee tena 1980, akatii. Lakini Kanisa hilohilo lilishatoa Rerum Novarum, waraka wa Papa, mwaka 1891, unaoongelea mishahara na vyama vya wafanyakazi. Vitu viwili tofauti kabisa.

DHANA: Tutajifunza tukishahitimu

Ukishapewa waumini kuna misiba, ndoa, ujenzi, ugomvi wa kwaya, utajifunza saa ngapi? Mi nawapeleka mwaka wa kwanza, wakae kikao kizima cha baraza la mji, simu zimezimwa, mpaka mwisho. Wakirudi siwaulizi wameguswa na nini, nawauliza mwenyekiti alikuwa nani na ajenda ya nne iliishaje.