Mwalimu, piga hesabu hizi kabla ya kumwomba mkuu wa shule akugharimie kongamano

Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali hana kibubu cha kuwachotea walimu. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Nusu yake, 12,500, ndiyo huingia kwenye akaunti ya shule. Nusu ya pili hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 kwa hiyo hupata ruzuku hii ya milioni 5 kwa mwaka, kama 417,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, umeme na kitasa kilichovunjika. Ukileta ombi la 600,000 wiki moja kabla ya safari, umeomba ruzuku ya karibu mwezi mmoja na nusu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti ya shule huandaliwa miezi kadhaa kabla. Kongamano la Septemba lizungumzwe Januari au Februari, hata kama mwaliko haujatoka.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, ipitie kwa mkuu wa idara, mwaliko na ratiba viambatishwe. Kosa linaloua maombi mengi ni kuandika "posho na gharama nyingine: 310,000". Mhasibu hawezi kuandaa malipo kwa mstari kama huo. Changanua, kwa mfano:

Ada ya ushiriki: 100,000
Nauli, kwenda na kurudi: 45,000 × 2 = 90,000
Malazi: 40,000 × usiku 3 = 120,000

Kisha sema unaomba nini hasa. Kama utafikia kwa ndugu, omba ada na nauli tu, 190,000, na uandike wazi kwamba malazi unajigharimia, yasije yakazua dai baadaye.

Vipindi navyo vina uzito wake. Wakuu wengi huhofia darasa tupu kuliko fedha. Siku 3 za vipindi 4 ni vipindi 12: taja nani atashika kipi, na wenzako wasaini.

Kwenye faida, "kuongeza maarifa" hakumshawishi mtu. Taja mada ambayo Kidato cha Pili wameifeli na kikao cha kongamano kinachoihusu, halafu toa tarehe utakayowafundisha wenzako kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Hapo shule inalipia mmoja, inafaidi idara nzima.

Fedha zikikubaliwa, ruhusa bado ni jambo la pili: omba kibali cha kutoka kituo cha kazi kwa maandishi.

Ukirudi, fanya marejesho mara moja, yaani onyesha fedha zilivyotumika, ukiwa na tiketi na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti). Risiti ya ada iandikwe jina la shule, si lako. Ikague ukiwa bado mezani pa usajili, maana ukishapanda basi kuibadilisha ni kazi.