Kabla ya Kuipiga Saruji Nyumba ya Marehemu Baba

Wiki iliyopita niliitwa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ndugu wanne waliorithi nyumba ya ghorofa mbili ya marehemu baba yao, na kabla sijavuka kizingiti kaka yao mkubwa alinipokea kwa kauli ninayoisikia karibu kila mwezi: «Fundi, nyumba imezeeka. Ama tuipige lipu ya saruji ipate nguvu, ama tuivunje.» Kauli hiyo nimeijibu barazani, nje ya msikiti na hata matangani, kwa hiyo sasa naiandika, ili atakayeniuliza tena nimpe asome.

Katika nyumba nilizokagua, nadra nimekuta ukuta wa mawe na chokaa ulioharibiwa na umri peke yake. Karibu zote zimeharibiwa na maji: mlizamu (mfereji wa maji ya paa) uliotoboka, bati lililopeperuka ncha, au choo kilichopandishwa ghorofani na mtu ambaye hakufikiria maji yatapita wapi. Nyumba iliyosimama zaidi ya miaka 100 huanza kulegea ndani ya masika machache baada ya mlizamu mmoja kuachwa, kisha lawama anabebeshwa babu aliyeijenga.

Sasa saruji. Mawe ya matumbawe yana vitundu, nayo hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole kwenye uso wa ukuta, na ndiyo maana chokaa hubanduka na kuhitaji kupakwa upya. Kubanduka kwake ni kazi yake. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu, ukikosa pa kutokea chini, hupanda juu zaidi, na katikati ya ukuta, ambako wazee walijaza kokoto, chokaa na udongo mwekundu, mchanganyiko hulainika hata ukuta ukavimba tumbo. Vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani huoza gizani, na mwenye nyumba anaendelea kujisifu kwamba ukuta wake ni mkavu na laini. Pale Mkunazini niligonga kwa kifundo cha kidole ile lipu mpya ya saruji ya ukumbini, ikalia kama debe tupu. Juu yake nikachokoa kichwa cha boriti kwa bisibisi, ikazama hadi mpini kana kwamba nachoma boga.

Kuhusu kubadilisha sakafu ya kale kwa zege, wenzangu hupenda kuipinga kwa hoja ya uzito, nami hoja hiyo siipendi sana. Zege ya unene wa sentimita 10 ina takriban kilo 240 kwa mita ya mraba, lakini sakafu ya kale ya mawe na chokaa nayo si nyepesi, na mara nyingi huizidi. Kinachonisumbua ni ugumu wake: kuta hizi husogea kidogo kidogo, boriti husogea nazo, ilhali zege haikubali kusogea, na mahali inapokutana na ukuta ndipo ufa unapoanza.

Wengi hunitajia Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash hapa Mji Mkongwe, iliyojengwa mwaka 1883 na kuanguka sehemu yake mwezi Desemba 2020, watu wawili wakafariki, kama ushahidi kwamba majengo ya kale yavunjwe yote. Jumba lile lina kumbi pana na nguzo za chuma. Nyumba ya kawaida ya mtaani ina vyumba vyembamba vya takriban mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki nafasi pana zaidi ya hapo, na kuipima kwa jumba la Sultan Barghash ni kuidhulumu.

Kuhusu kuvunja au kuuza nitasema machache. Mji Mkongwe hubomoi wala hujengi bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi, na kama nyumba ni ya wakfu haiuzwi, hata warithi wote wakikubaliana. Kama ni ya mirathi, gawaneni hisa kwa maandishi kabla ya kuniita. Nimekwisha kupima nyumba moja mara tatu kwa ndugu watatu wasiosemeshana.

Ninalolionea shaka ni hili: saruji ikishapigwa, sijui kila mara kama inafaa kuibandua. Hung'oka pamoja na uso wa mawe, na nimewahi kuubandua ukuta uliokuwa umesimama vizuri, nikauacha dhaifu kuliko nilivyoukuta. Vilevile siwezi kuona kichwa cha boriti kilichozama ukutani. Ninachokoa, ninasikiliza, ninakisia. Kuna nyumba niliyoipa miaka mingi, na dari yake ilishuka kabla ya masika ya pili.

Wale ndugu wanne nimewaambia watengeneze mlizamu na bati mwezi huu, waweke mategemeo ya miti chini ya boriti ile, wahamishe kitanda cha dada yao kilichokuwa chini yake, na wasiguse lipu ya ukumbini mpaka ukuta upite masika moja bila kumwagiwa maji. Kaka yao aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi yote anayonilipia. Nilimjibu kwamba mwezi huu ni hiyo tu.